Habari ya Muguu ya Elikia

Likasi, tarehe 8 mwezi wa pili 1994

Yaya Élise,

Bonjour sana. Uko namna gani kule Lubumbashi? Afya iko, masomo ya infirmière, ya kuuguza bagonjwa, inaenda? Siye huku tunapumua, na vile hawajaanza kuuzisha hewa, tunashukuru Mungu. Minye ningali Directeur Général wa kinga moja, baiskeli yenye haina frein. Asubuhi nabeba makala ya kupikia, mangaribi mafuta ya ngazi, ile nyekundu, katikati nauzisha uongo. Ba client ya uongo njo mingi kupita.

Yaya, niko na neno ya kukuuliza. Binti yetu Elikia alipata malaria. Mwili moto, anasemezana na ukuta. Ku dispensaire hakukuwa ata kidonge. Michelle bibi yangu akasema: "Kidonge ni ya nini? Ugonjwa ya vile ni ya kuchomwa shindano." Weye unajua batu ya huku: dawa yenye haiumi hatuiamini. Tukaita Papa Alphonse, jirani ya nyuma, anapigaka batu shindano mu nyumba zao tangu kazi yake ilikufa. Akamupiga quinine ku tako. Elikia akatosha kilio moja, muguu ikaruka sawa chura. Kesho yake malaria ikaisha, tukaimba.

Lakini tangu ile siku muguu ya kuume inakokota. Vidole inaangalia chini. Anatembea sawa mutu mwenye sandale yake imekatika kamba. Mutoto mwenye alirukaka kamba kupita bote mu quartier!

Papa Alphonse anasema itapita. Michelle anasema kuko mutu alimutega na uchawi. Minye sijue. Shindano iliingia ku tako, sasa namna gani ugonjwa iko ku vidole? Ilipita njia gani? Weye njo unasoma mwili ya mutu, unieleze. Na uniambie kweli: atatembea muzuri tena?

Mudogo yako,
Jeancy


Lubumbashi, tarehe 19 mwezi wa pili 1994

Mudogo yangu Jeancy,

Bonjour kwako, kwa Michelle na kwa Elikia. Minye niko. Tunakula bukari na chumvi, na ba professeur bengine hawakuye tena, lakini tunasoma. Swedi chauffeur ya taxi-bus alinipatia barua yako, nitamurudishia yeye hii.

Hakuna mutu alimutega Elikia. Sikiliza. Mu kichwa kuko bongo, njo inaamuru. Chini yake kunashuka kamba moja ya kinene, tunaiita moelle épinière, inapita ndani ya mifupa ya mugongo, pale imefichwa muzuri. Ku ile kamba kunatoka ba nerf, kamba zingine ndogondogo, kila upande, zinaenda ku mikono, ku tumbo, ku miguu. Zingine zinashushaka amri: inua kidole, piga hatua. Zingine zinapandishaka habari: huku baridi, huku mwiba. Nerf moja kubwa kupita yote, nene sawa kidole yako, inapita ndani ya tako na inashuka mpaka ku kikanyagio, chini ya muguu. Njo juu ya ile tunafundishwa kupiga shindano juu kabisa na ku upande ya inje. Papa Alphonse alipiga katikati. Quinine ikaunguza nerf. Amri haishuke tena muzuri, njo vidole inaangalia chini. Haiko sawa courant ya Koni, ile umeme yenye inakatika na kurudia yenyewe mangaribi. Nerf inapona polepole sana, kama inapona.

Sasa neno kubwa. Ukigusa sufuria ya moto, mukono inakimbia mbele ya weye kujua. Mugongo njo inajibu, haingojee kichwa. Lakini lazima habari ifike kwanza ku mugongo. Mufunge Elikia macho, umukwaruze juu ya kikanyagio na jani ya nyasi, umuulize ni wapi. Kama hajue, basi ile muguu haina wa kuilinda. Umuvalishe kiatu, uangalie ngozi kila siku. Na mutu asimukande na maji ya moto. Ninakulomba, Jeancy. Batu ya kwetu muguu ikilegea tu, banakimbilia maji ya moto.

Atatembea? Pengine. Sitakudanganya.

Yaya yako,
Élise


Likasi, tarehe 23 mwezi wa pili 1994

Yaya Élise,

Bonjour ya furaha! Afya yako? Jibu yako sijapata, banasema gari ya Swedi ilikufa mu njia, analala chini yake sawa bibi na bwana. Haizuru. Siye tulipata jibu yetu!

Nkambo yetu Adrienne, ule mama muzee, alikuya juu ya camion kutoka Kakanda, na mufuko ya majani ya mukalitusi. Akaangalia muguu akanitukana: "Weye Jeancy, unaacha muguu ya mutoto inalala baridi? Nyama ya baridi inatembeaka wapi?" Sasa kila asubuhi anachemusha majani, tunatia muguu ndani, nkambo anakanda. Yaya, maji ile! Minye nilitia kidole moja tu, nikaita ba marehemu yote ya famille. Elikia anakaa pale anakula karanga. Anaimba! Ba jirani banakuya kuangalia. Siku ya kwanza nkambo alikuwa na woga, sasa anasema: "Munaona? Ugonjwa njo inalia, mutoto halie." Minye ninamwita Commandant.

Jana ngozi ilitosha malengelenge ya maji. Nkambo anasema ni ugonjwa inatoka. Tunaendelea. Michelle amecheka leo, tangu ile shindano hakucheka.

Furahi pamoja na siye.

Mudogo yako,
Jeancy


Lubumbashi, tarehe 1 mwezi wa tatu 1994

Jeancy,

Leo hakuna bonjour. Mutoe mutoto mu maji. Sasa, pale unasimama unasoma. Elikia haiko na nguvu kupita weye, hasikie moto tu. Ile malengelenge ni kuungua. Usipasue. Funika na kitambaa safi, mupandishe ku kinga, muende hôpital.

Nilikuandikia yote mu barua yenye Swedi iko nayo.

Nkambo usimutukane.

Élise


Likasi, tarehe 30 mwezi wa tano 1994

Yaya Élise,

Bonjour. Natumaini mwili yako ni muzima na examens ilipita. Ulituma barua zingine, nilizipata. Nilisikia pia ulitafuta gari ya kukuya, ukakosa. Usinikasirikie. Kila nilikamata bic, ilikuwa nzito.

Barua yako ya murefu na ile ya mufupi zilifika siku moja. Gari ya Swedi ilipona, ile ya mufupi ilimukuta mu njia, akanipatia zote akicheka: "Jeancy, kumbe uko na muchumba kule?" Ya mufupi nilisoma nikisimama. Ya murefu nilisoma nikikaa chini. Muguu ilikuwa inanuka tayari.

Ku hôpital balituambia tulete siye wenyewe gants za mikono, dawa, na makala ya kuchemushia vyombo. Makala nilikuwa nayo. Balikata chini ya goti. Michelle alikuwa anashika kichwa ya mutoto, minye nilikuwa mu couloir, namwambia kila mutu mwenye anapita bonjour, sawa mupumbavu.

Nkambo Adrienne alirudia Kakanda. Nilimwambia haiko kosa yake. Akaniambia: "Unasema vile juu ya heshima, mwana yangu." Banasema hakule muzuri.

Sasa nisikilize, juu niko na neno ya kukuuliza tena. Tangu juma imepita Elikia analia. Anasema kidole inamuungua. Nikamuuliza: "Kidole gani, mama?" Akasema: "Ile kubwa ya kuume, papa." Yaya, ile kidole tuliizika siye wenyewe nyuma ya hôpital. Michelle akatoka inje. Muchungaji alikuya, akasema ni pepo, akalomba mpaka jasho. Kidole inaungua paka vile, haikuacha.

Nikatosha barua yako ya murefu, nikaisoma tena, polepole, unajua kusoma yangu. Unasema ba nerf zinapandishaka habari ku kichwa. Basi ni ile moto ya maji ya nkambo njo inafika sasa? Ilichelewa mu njia? Ao kichwa ya mutoto haijaambiwa kama muguu haiko, inaiita, inaiita? Minye sikusoma. Lakini ninajua ile kilio yake. Haiko ya uongo, uongo njo kazi yangu.

Jana alianza tena. Nikasema: "Nioneshe ni wapi." Akanionesha pa mukeka, penye hakuna kitu. Nikapiga magoti, nikaanza kupulizia mukeka. Michelle alikuwa ku mulango, ananiangalia.

Elikia akasema: "Haiko pale, papa. Leta kinywa huku kidogo."

Nikaileta.

"Hapo," akasema. "Pulizia hapo."

Nikapulizia mpaka akalala.

Mudogo yako,
Jeancy