Mbwa Wanaosalimia Kila Mtu

Kirumba, Mwanza
16 Julai 2023

Mama Favour mpenzi,

Pokea salamu za mwanaume unayemfahamu. Hujambo? Favour hajambo? Lile jino limeota? Mzee Zadok, baba yako, mpe shikamoo yangu, na kama hataki kuitikia iache hapo mezani, ataikuta siku akipoa. Mimi mzima, ila vidole vinaniuma, maana tangu darasa la saba sijaandika kitu kirefu kuliko namba ya simu. Lakini ndiyo sheria uliyotunga. Umenifungia kwenye simu, unasema kwenye simu nakuchekesha kabla hujamaliza kukasirika. Haya, naandika. Posta yetu ni konda wa basi la Shirati, ni mtu wangu. Mji huu watu wangu ni wengi, unajua.

Ulisema hurudi mpaka nipate kazi moja, yenye jina utakalomtajia baba yako bila kuangalia chini, na nikae nayo mpaka vuli iishe. Sikulaumu. Mzee ametoka Shirati kuja kumwona mkwe wake mkurugenzi wa ghala la samaki, anamkuta chini ya mwamvuli anauza chaja. Hata mimi ningemchukua binti yangu. Ingawa mwamvuli ulikuwa wangu.

Sasa kaa chini. Kazi nimepata. Natembeza mbwa.

Usiikunje barua. Huku kilimani Isamilo wenye nacho wana mbwa wa ulinzi wakubwa kama ndama, wanashinda bandani mchana kutwa, hawajui hata barabara ya mbele ya geti inakwenda wapi. Mimi ni mtu niliyetembea. Nimefika Kisumu, nimefika Bukoba, na Kampala nimefika nusu (niliishia mpakani Mutukula, lakini upepo wa Kampala ulinipiga). Ulaya mbwa ana mtu wake wa kumtembeza, na mtu huyo anaheshimiwa kama daktari. Nikagonga mageti. Aliyenicheka sana ndiye aliyenipa mbwa wa kwanza, Bwana Alexander. Mbwa wake anaitwa Mtachoka. Jina hilo amemlenga jirani yake Madam Odeta, nesi mstaafu waliyegombana naye habari za ukuta. Kila mbwa akiitwa kula, ujumbe unafika ng'ambo. Na mimi, kwa kuwa ni mimi, nimempata na mbwa wa Madam Odeta, anaitwa Queen. Maadui wawili, kamba zao zote mkononi mwangu.

Saa kumi jioni tunashuka mpaka Kirumba, tunawatazama korongo wa soko la samaki la Mwaloni, wale wenye makoti kama mahakimu, halafu tunapanda. Njiani nasalimia kila mtu, na mbwa nawafundisha vilevile. Jana Mtachoka kampa katekista mguu. Katekista kaupokea.

Mwambie mzee.

Mumeo,
Baba Favour


Shirati
30 Julai 2023

Baba Favour,

Sisi hatujambo, tunashukuru Mungu. Jino limeota, limepinda kama la kwenu. Wewe umesema u mzima, mimi nasubiri kuthibitisha.

Nimemwambia baba. Aliiacha chai yake ikapoa. Kisha akasema, "Mbwa ana miguu minne. Huyo mwenye miwili anamtembezaje?" Akaenda kulala mchana, kitu ambacho hafanyi.

Unacheka huko. Mimi huku sicheki. Wifi Achola amehamishia kuku wake wanaotamia kwenye chumba ninacholala, anasema si nipo kwa muda tu. Kanisani kila Jumapili lazima mmoja aniulize shemeji yao hajambo, halafu anangoja na midomo wazi. Na baba ameshaongea na mwalimu mkuu: ikifika Januari bila wewe kuwa na kitu cha kueleweka, Favour anaandikishwa shule hapa moja kwa moja. Akishaandikishwa hapa, Baba Favour, na mimi nimeandikishwa. Elewa hilo.

Kazi siidharau, ingawa mbwa nawaogopa na unajua. Kaa nayo. Umeacha samaki, umeacha bodaboda, umeacha chaja. Ukiacha na mbwa, usiniandikie mimi, mwandikie Mtachoka.

Mama Favour


Kirumba, Mwanza
10 Septemba 2023

Mama Favour wangu,

Habari za siku nyingi? Kuku wa wifi wameangua? Afya yangu ni njema, nyayo ndizo zimekuwa ngumu kama za tembo, kwa vile mawe ya Isamilo hayana huruma na kandambili.

Kazi imekua. Sasa nashuka na mbwa sita, nimechapisha fulana imeandikwa MACHIBYA MATEMBEZI, na ukinitazama kutoka mbali utafikiri msafara wa mkuu wa mkoa. Lakini nisikufiche, nachoka roho. Vijana wa bodaboda wamenipa jina, Dereva wa Mbwa, na mmoja kila siku ananiuliza nikipata ajali bima inalipa nani. Akina mama wanavuka barabara wakituona, wananung'unika kwamba mbwa hawa wanakula nyama na mimi nimekonda. Madam Odeta naye amenikataza kumwita Mtachoka kwa jina mbele ya geti lake. Amesema, "Machibya, hilo neno nimelisikia miaka mitatu kwa huyo, sitalisikia na kwa mtumishi wa Queen." Mtumishi wa Queen ni mimi. Kwa hiyo nikifika pale napiga mluzi, na Bwana Alexander anasimama dirishani ananuna, anataka jina litajwe. Mtu mmoja utawapendezaje wawili wasiopendana?

Faraja yangu ni mbwa wenyewe. Wamekuwa na adabu kuliko watu. Pale kona ya kushukia kuna mchoma mahindi, Chenge, kijana mcheshi, tunapumzika kwake. Mtachoka akimwona anakaa, anatoa mguu, Chenge anamgawia gunzi. Mtaa mzima wanawashika vichwa bila woga. Nani aliwahi kufanya hivyo Mwanza? Nitajie mmoja.

Vuli ikija itanikuta kazini.

Mumeo,
Baba Favour


Shirati
22 Oktoba 2023

Baba Favour,

Natumaini u mzima. Hapa sisi ni wazima, kiafya tu.

Wiki sita sijaona barua. Mvua imeanza. Nilimwuliza konda wako kama amekuona, akasema hukufika stendi, akasema kitu kingine, halafu akajifanya hajakisema, akaanza kukagua tairi. Nimesikia neno kituo. Kituo gani? Cha basi au cha polisi?

Niambie wewe kabla baba hajaambiwa na wengine.

Mama Favour


Kirumba, Mwanza
5 Novemba 2023

Mama Favour,

Salamu. Natumaini wewe na mtoto ni wazima. Mimi ni mzima na nipo huru. Kituo ni cha polisi.

Kwa Bwana Alexander wameiba. Wamebeba pampu ya maji na televisheni. Mbwa yupo, ukuta upo, kamera ipo. Asubuhi wakafungua kamera kutazama. Mwizi anaruka ukuta, kajifunika kofia. Mtachoka anatoka bandani mbio, na Bwana Alexander anasema hapo moyo wake ulifurahi. Mbwa anafika mbele ya mwizi, anakaa, anatoa mguu. Mwizi anaupokea. Kisha Mtachoka anarudi bandani, anakuja na kamba yake mdomoni, anampa. Wakatoka pamoja getini, mwizi na televisheni kichwani, mbwa pembeni, kama watu wanaokwenda harusini.

Na huyo mbwa baada ya matembezi akaja wapi? Kwangu. Polisi walipofika walimkuta amelala mlangoni pangu, kamba mdomoni. Mama Favour, mdomo huu ambao umenitoa kwenye mambo mengi siku hiyo ulikauka. Nilichojaliwa kusema ni kwamba mbwa hajasema ni mimi. Askari hakucheka.

Walinishikilia mpaka Chenge alipokamatwa akiuza pampu. Ndiyo, Chenge wa mahindi. Nikaachiwa. Nikapanda Isamilo kumsalimia Bwana Alexander nikijua ataniomba radhi. Alinisikiliza, akasema taratibu tu, "Hukuiba. Lakini nilikupa mbwa, ukanirudishia mgeni." Akanisukumia Mtachoka nje ya geti, akafunga. Jioni hiyo hiyo mageti mengine yote yakafungwa, hata la Madam Odeta. Sasa amenunua mabata bukini wa kulinda, huyo Alexander.

Na ninachokasirikia ni kwamba ana haki. Nilidhani mbwa mwema ni yule anayependwa na watu. Hawakuniajiri nipendwe.

Kwa hiyo sina kazi. Nina mbwa. Tunakula dagaa wote wawili. Mwambie mzee unavyoona inafaa.

Baba Favour


Shirati
19 Novemba 2023

Baba Favour,

Hatujambo.

Nimeisoma mara mbili. Pale pa kamba nilicheka, wifi akaja kuchungulia, nikakasirika kwamba nimecheka. Hata kwa karatasi unaniweza.

Kisha nikamsomea baba, yote, sikuruka kitu. Alisimama akaenda kutazama nyavu zake.

Sina la kukufundisha. Nilisema mpaka vuli iishe, na mvua bado inanyesha. Ukiwa na kazi, andika. Ukiwa huna, usiandike tena, maana Favour ameanza kuzizoea barua zako na nitashindwa kumweleza.

Mama Favour


Kirumba, Mwanza
10 Desemba 2023

Mama Favour mpenzi,

Salamu, na shikamoo ya mzee nairudia, ile ya mezani bila shaka imeshaliwa na mende. Naandika, kwa hiyo unajua.

Unakumbuka saa yetu ilikuwa saa kumi jioni. Mimi nilifungiwa mageti, lakini hakuna aliyewaambia mbwa. Ikifika saa kumi, Queen anaanza. Analia ile ya shingo juu, ya msibani. Wa nyumba ya pili anapokea, wa tatu anapokea, mpaka kilima chote ni kilio, na hakikomi mpaka giza. Walipigwa, walipewa nyama, walifungiwa stoo. Wapi. Wasio na mbwa wakaenda kulalamika kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Kashindye, ambaye na yeye alikuwa hapati usingizi wake wa jioni. Akaniita ofisini. Nilijua naambiwa nihame. Akaniambia, "Machibya, uliwawasha wewe. Kawazime."

Nikapanda na Mtachoka. Madam Odeta akafungua geti kidogo, upana wa pua ya Queen. Akasema atanipa mbwa kwa sharti, na wengine wameshakubaliana nalo. Njia nzima mbwa asishikwe na mtu, na mimi nisisalimie mtu wala kuitikia. "Mbwa walijifunza kwako," akasema. "Kila uliyemchekea walimwona ndugu. Ukinyamaza, watanyamaza."

Mimi, Mama Favour. Kutoka Isamilo mpaka Mwaloni na kurudi, midomo imefungwa.

Siku ya kwanza nilidhani nitapasuka. Mzee mmoja nimempita bila shikamoo, nimeinamisha kichwa tu, nikasikia anauliza nimepatwa na nini. Bodaboda wananitupia maneno matamu, Mama Favour, maneno ambayo jibu lake ninalo tayari ulimini, nalimeza. Wanasema naringa. Wengine wanasema nimeingia dhehebu la watu wasioongea. Wengi wanasema umeniroga kutoka Shirati, Wajaluo mna dawa. Katekista alinisimamisha akanishika bega, nikamwonyesha kidole mbinguni, akaniombea palepale barabarani, mbwa wamenizunguka.

Lakini Madam Odeta alisema kweli. Siku hizi mgeni akisogea, Queen ananguruma, na wenzake wanasimama mbele yangu. Mageti yote yamerudi isipokuwa la Alexander, ambaye juzi ametuma mtu kuniuliza kama bata bukini nao hutembezwa. Ni Mtachoka tu hajapona. Bado anampa kila mtu mguu. Nimemwacha hivyo. Mmoja wetu lazima asalimie.

Jina la kazi ni lilelile. Natembeza mbwa. Sina la kuongeza, na mkono umechoka.

Mumeo,
Baba Favour


Shirati
17 Desemba 2023

Baba Favour,

Natumaini umeamka salama. Sisi wazima.

Nimemsomea baba tukiwa mezani. Pale uliposema Isamilo mpaka Mwaloni na kurudi bila neno, alinizuia kwa mkono, akataka nirudie. Nikarudia. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasema, "Machibya? Hiyo sasa ni kazi." Shikamoo yako ameitikia. Marahaba.

Wifi anawahamisha kuku wake kesho, amefurahi kuliko wote.

Tunapanda basi Ijumaa, tutashuka stendi ya Nyamhongolo jioni. Favour anataka kupewa mguu na Mtachoka, kwa hiyo atapewa, lakini nyumbani, nikiwa nimesimama juu ya kiti. Usije naye stendi.

Na wewe ukituona, usiseme kitu. Tabasamu ruksa. Chukua begi, tembea mbele. Nina mambo ya kukuambia tangu mwezi wa tano, na safari hii namaliza kukasirika kwanza.

Mama Favour