Mpini Uliong'aa Kupita Kiasi

Koku mjukuu wangu,

Hapa Isingiro hatujambo. Kahawa imechanua, na baba yako, mwanangu ambaye mji mzima wa Kayanga hauna fundi pikipiki wa kumfikia, anakusalimu.

Tangu nisomewe swali lako sina amani. Kesho fundi wa huko uliko anatoboa tufe lako la bolingi, la kuangushia pini mashindanoni, na hujui matundu ya vidole yakae wapi, wala kama ling'arishwe au libaki na mikwaruzo. Akishatoboa, basi. Na umeniuliza mimi niliyeishia darasa la nne! Umefanya vizuri.

Nilipoolewa nilijitengenezea mpini wa jembe, sikungoja mwanaume. Niliupima mkononi siku nzima ndipo nikatoboa tundu la kuchomekea jembe kwa chuma cha moto. Likakaa sawasawa. Ila nilitaka sifa, nikausugua kwa kipande cha chupa, nikaupaka samli ukang'aa. Shambani mikono ikatoa jasho, jembe likaniponyoka, likapita karibu na sikio la mama mkwe.

"Wewe bibi harusi! Ukiniua, nani atakufundisha kumenya ndizi?"

Akachota mchanga, akausugua mpini mpaka ukajaa mikwaruzo. "Haya, lima." Tundu hakuligusa.

Basi fundi apime vidole vyako wewe, vikiwa vimechoka na vina jasho. Kung'arisha kutangoja hata mwezi ujao.

Shangazi yako anaipiga picha barua hii sasa hivi akutumie. Fundi akiwasha mashine kabla hujaisoma yote, mwambie azime. Mwambie bibi yako kasema.

Bibi yako wa Isingiro