Kapinga Alinishikia Nafasi

Jumatano, Likasi. Mvua imeanguka tangu asubuhi, na nepi za mutoto wangu Gloria zimejaa kwenye kamba ndani ya nyumba. Kichwa changu nacho kiko vile vile: kila kitu kimetundikwa, hakuna kinachokauka.

Leo nilipanda mpaka kwa inspekta wa kazi. Niliogopa kuingia, nikazunguka jengo kwanza kama muntu anayetafuta choo.

Niandike tangu mwanzo, labda nitaelewa mwenyewe. Nilikuwa napika kwenye kantini moja kule Shituru, bukari ya unga wa mahindi na sombe ya majani ya muhogo, chakula cha wafanyakazi wa kiwanda. Mimba ilipokuwa kubwa, nilimpeleka mudogo wangu Kapinga kwa shefu wa kantini, nikasema huyu atanishikia nafasi mpaka nizae. Shefu akakubali. Tulikuwa watatu tu, pale mlangoni mwa jiko.

Kwetu tunafanya hivyo. Mama alipomzaa Kapinga, shangazi alikaa kwenye meza ya mama kule sokoni. Mama aliporudi, shangazi alisimama, akapangusa kiti, akaenda kwake. Minye nilifikiri kazi ya kampuni nayo ni kama meza ya soko.

Gloria alipopata nguvu, nilirudi kuchukua nafasi yangu. Shefu alikuwa anakula. Hakuacha hata kutafuna.

"Weye mwenyewe ulitoka, ukaniletea muntu. Sura moja, bukari moja. Sasa unalia nini, mama?"

Wapishi wenzangu walicheka. Nami nilicheka kidogo, sijui kwa nini. Nyuma yake Kapinga alikuwa anakoroga sufuria. Hakugeuka.

Inspekta si muntu mubaya. Alinipa kiti, akamchezesha Gloria kwa kidole. Alisema kuzaa si kuacha kazi, sheria inamlinda mama, na shefu hana ruhusa ya kumtoa muntu kwa sababu hiyo. Atamwita tuongee mbele yake. Tusipopatana, kuna tribunali ya kazi, na kama sina wa kunisemea, kuna mawakili wanaosaidia watu kama minye. Kifaransa kikaingia katikati. Niliitikia tu ndiyo papa, ndiyo papa, hata pale nisipoelewa.

Halafu akasema shefu atajitetea kwamba nilitoka kwa mapenzi yangu. Akauliza kama kuna aliyesikia tulivyopatana.

"Kuko muntu," nilisema.

"Jina lake?"

 Nikamwambia nitarudi kesho, labda naye. Gloria akaanza kulia, nikamshukuru Mungu kwa kile kilio.

Maana Kapinga akienda kusema ukweli, anakata kazi yake kwa mdomo wake mwenyewe. Kabla ya kantini alikuwa anaosha mawe ya madini ya wachimbaji, miguu ndani ya maji kutwa nzima, jioni anaipaka mawese kwa sababu ya nyufa. Sasa miguu imepona. Anavaa viatu vya kufungwa. Ninamuonea wivu, halafu ninafurahi, halafu wivu tena.

Ni haki yangu. Ni mudogo wangu pia.

Mama anasema mambo ya nyumba hayapelekwi kwa serikali. Lakini aliyenikosea ni nyumba ama ni shefu? Hapo ndipo ninapopotea kila mara.

Jioni Kapinga alirudi amelowa. Alinawa, akamchukua Gloria, naye akatulia palepale. Nafikiri ni ile harufu ya vitunguu. Minye nilikuwa nayo wakati wote akiwa tumboni. Nikamweleza yote, inspekta na maneno yake. Alimbembeleza mutoto kifuani.

"Yaya, mukubwa wangu, weye ndiye uliniambia nishike nafasi. Niliishika. Sasa unataka niiweke wapi?"



Baadaye kidogo akaongeza, anatazama chini: "Unajua kule wananiita Ngalula? Shefu anaita, Ngalula, leta chumvi. Naitika. Hajaniuliza hata siku moja jina yangu."

Ngalula ni minye. Tulicheka mpaka Gloria akashtuka. Kisha hatukucheka tena.

Kama minye nilitoka, huyo Ngalula anayeitwa kule ni nani? Na Kapinga, anayepika bila hata jina lake, haki yake nayo iko wapi? Sikumuuliza inspekta kama anawasikiliza pia wale walioshika nafasi za wengine, ama wenye nafasi tu. Labda amewakosea wawili huyo shefu, si mmoja. Labda ninajidanganya ili nilale. Sijui. Lakini hilo ndilo swali nitakaloenda nalo kesho, hata kama nitaenda peke yangu.

Kumwomba Kapinga aje nami, mdomo ulikataa. Kesho si siku yake ya kupumzika.

Tulipomaliza kula alichukua kitenge changu cha kanisani, akakifua. Kisha akafua na chake. Amevitundika katikati ya nepi, karibu na mbabula yenye makaa. Kesho ni Alhamisi, si siku ya misa. Sikumuuliza.

Ee Mungu, hii mvua ikatike. Vikauke vyote viwili.