Walimu Wapya Wamefika, Dada

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wapwa zangu wote. Natumaini mgongo umetulia na cherehani haikusumbui. Sisi huku wazima. Wifi yako anasema nimenenepa. Mimi namwambia ni shati limerudi kwa kufuliwa. Najua tangu uache kufundisha uliapa hutaki tena kusikia habari za shule. Vumilia leo usome mpaka mwisho, maana kuna jambo linakuhusu, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Walimu wapya wamefika. Si mmoja wa kutuliza wazazi kama zamani. Wamekuja sita kwa mpigo, vijana watupu, na wizara inasema mwakani wataongezwa wengine. Mwalimu mkuu alisimama akiwatazama wakishusha magodoro yao, kama mtu aliyepata wageni wengi na sufuria ni moja. Chumba cha walimu unakijua: meza moja na viti vitatu, kimoja cha kubembeleza. Sasa tunakaa kwa zamu, na wasiopata kiti wanasahihisha madaftari dirishani.

Unakumbuka nilivyokuwa nikifundisha la tatu na la nne kwa pamoja, nimesimama kwenye mlango wa kati, hawa nawapa hesabu, wale nawasomesha, mpaka ukaniita Feni. Haya, Feni kapewa la tatu peke yake. La nne kalichukua binti mmoja mpole, umri wa kifungua mimba wangu. Siku ya kwanza niliwapa watoto hesabu za kutoa, na miguu ikanipeleka yenyewe. Nikaingia la nne, binti wa watu yuko katikati ya somo la mizizi na majani, nikawaamuru watoto wafungue kitabu cha kusoma. Wakafungua. Yeye akabaki na chaki mkononi. Nilirudia kosa hilo mpaka akaniomba, kwa adabu zote, angalau niwe nabisha hodi. Wiki iliyofuata akakokota kabati akaliegemeza mlangoni. Alisema ni kwa ajili ya upepo.

Lakini dada, nilipofungiwa hivyo ndipo nilipoanza kusikia. Zamani niliuliza swali, darasa zima likaitikia kwa sauti moja, nikaridhika nikageuka upande wa pili. Sasa namuuliza mmoja mmoja. Yupo binti wa fundi baiskeli, mwenye sauti kuliko wote. Kumbe alikuwa akidaka miisho ya maneno ya wenzake, kusoma hajui. Nikawa nakaa naye asubuhi wenzake wakifagia. Juzi kasoma sentensi nzima, kisha akanitazama kana kwamba nimemficha kitu siku zote hizo. Nilijifanya natafuta chaki.

Kwa sababu ya mvi hizi, mwalimu mkuu kanipa kazi ya kuwaongoza hao vijana. Kila wanachoniuliza nawajibu kwamba dada yangu alifanya hivi: alivyowashika watoto wa la kwanza mkono wakijifunza kuandika, alivyowanyamazisha kwa kunong'ona. Wakauliza huyo dada yuko wapi. Nikawaambia anashona sare. Na kwa nini aliacha? Nikawaambia ukweli, kwamba alikuwa na watoto zaidi ya mia, na siku moja mzazi alimuuliza maendeleo ya mwanawe, naye hakujua ni yupi. Hakuna aliyecheka.

Sasa sikia nilichokifanya. La kwanza limegawanywa mikondo mitatu, na mmoja hauna mwalimu. Walioacha kazi wanaruhusiwa kurudi. Kwenye kikao mwalimu mkuu aliuliza nani anamjua mtu anayefaa, na yule binti wa kabati akasema yupo dada yangu. Wote wakanigeukia. Nilipaswa kusema kwamba uliapa. Mimi ninayeongea kutwa nzima mpaka wifi yako anaomba amani, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukachukuliwa kuwa ndiyo. Mwalimu mkuu anakuja kwako Jumamosi baada ya chakula cha mchana.

Ukitaka kumkatalia, mkatalie, ila chai mpe. Sitakununia. Lakini kwanza muulize watoto ni wangapi. Hawafiki arobaini. Nimewaona kwa macho yangu: kila mmoja ana pa kuweka kiwiko, na unapita kati ya madawati bila kuruka miguu ya mtu. Nilishinda nao asubuhi moja, na kabla ya mapumziko nilikuwa nawaita kwa majina. Kichwa changu unakijua. Hata wapwa zangu nawachanganya.

Wifi yako anakusalimu sana. Ameshatandika kitanda cha chumba cha uani, anasema ni kwa mgeni yeyote atakayetokea. Nisalimie shemeji, na wapwa uwabusu kwa zamu ili asisahaulike mtu.

Ni mimi mdogo wako mtiifu, isipokuwa mara hii.