Ukuta Aliousoma Mjomba

Ofisini, Jumatatu, saa sita na nusu mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, na kama hujaketi tafadhali keti kwanza. Natumaini pia magoti yanakupa nafuu tangu ulipoanza kuyapaka ile dawa, na kwamba bomba la jikoni limeshapata fundi, maana uliniambia linadondoka mpaka unaota mvua. Huku sisi ni wazima wa mwili. Mimi nakula vizuri, kwa hilo usinifikirie.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Mama, tangu Jumamosi jioni nimekupigia mara tatu. Mara ya kwanza nilikuuliza habari za paka. Mara ya pili nikakuuliza tena habari za paka, ukanijibu kwamba ni yule yule wa saa moja iliyopita. Mara ya tatu ulipokea huku unacheka, ukasema kofia yako ya pikipiki imefika na umeivaa sebuleni ukitazama taarifa ya habari, nami nikakata nikasingizia mtandao. Kwenye karatasi sikusikii ukicheka, kwa hiyo labda nitaweza kusema. Barua nitampa dereva wa gari la vifurushi linaloondoka saa nane, na ameniahidi kwamba kesho kabla ya adhuhuri itakuwa mkononi mwako. Mjomba anatarajia kufika kwako Ijumaa. Muda upo.

Nianze na safari yenyewe, kwa sababu kaka yako amekusimulia mengi lakini si yote. Ni mwezi wa tano sasa meza yetu haijawekewa sahani. Tunakula tumepakata, kwa kuwa mezani pametandikwa ramani ya barabara ya pwani, kuanzia mji wenu hadi kule rasini mlikozaliwa, babu alipokuwa mlinzi wa mnara wa kuongozea meli. Kila jioni nikitoka kazini mjomba ananikalisha na penseli. Yeye anakaa upande wa pili, mikono kifuani, anataja na mimi naandika. Kona arobaini na moja, Mama. Alisema ya kumi na mbili ni ya kupunguza mwendo mapema, kwa kuwa jabali limeinamia njia na upande wa bahari hakuna ukingo ila mawe yaliyopangwa. Alisema baada ya ya kumi na tisa kuna mahali papana chini ya mwamba, hapo atazima injini ili uone kwa mbali ufuko alikokufundisha kuogelea ukamng'ata kidole. Kila baada ya dakika arobaini ameweka kituo. Nilipomuuliza ni kwa ajili ya magoti yako, alinikanya nisiandike neno magoti mahali popote, niandike "kutazama mandhari."

Kiti cha nyuma cha pikipiki yake alikipeleka kwa fundi kikaongezwa upana na sponji. Fundi alimuuliza abiria ni mtu wa namna gani. Mjomba akamjibu kuwa ni mwanamke ambaye tangu utotoni hajawahi kupewa kiti akakisifu. Walibishana nusu saa kuhusu kishikio, mpaka fundi akamwambia, mzee, unampeleka dada yako au unampeleka malkia. Mjomba alikuja nyumbani amefurahi kana kwamba amepewa zawadi.

Nakuandikia haya ili ujue kwamba najua ninachokivunja. Uliniambia mwaka jana kuwa ile barabara uliiona mara moja tu, ukiwa na miaka tisa, umekaa nyuma ya lori juu ya magodoro, ukiitazama inavyokimbia nyuma yako, na kwamba ungependa kabla hujafa uipite ukiwa umeelekea mbele. Sijalisahau hilo hata dakika moja.

Kumbukumbu ya mjomba ilinistaajabisha. Niliwasimulia hata wenzangu ofisini. Katika miezi mitano sikujiuliza kwa nini hakuwahi hata mara moja kuinama juu ya ramani.

Jumamosi mchana alisema twende tukaijaribu pikipiki, mimi nikae kwenye kiti chako ili nitoe ripoti. Unajua mimi na pikipiki. Nilikuwa nimepangiwa kuwafuata kwa basi na mizigo, na nilishukuru kwa mpango huo. Lakini alinitania kwamba karani mdogo anaogopa hata kiti cha magurudumu cha ofisini, basi nikapanda. Tulikwenda vizuri mpaka tukaacha nyumba za mwisho. Barabara ilikuwa imenyooka na jua limewaka, hakuna vumbi, hakuna mvua. Mbele yetu, upande wetu, lilikuwa limesimama lori la mchanga lililoharibika. Wenyewe walikuwa wameweka matawi mabichi barabarani kuwatahadharisha wanaokuja. Niliyaona matawi yale tukiwa mbali sana. Nikangoja apunguze mwendo. Hakupunguza. Tulipita juu ya matawi, nikasikia yakivunjika chini ya magurudumu, na bado mjomba alikuwa akinieleza habari za mafuta na umbali wa kituo cha kwanza.

Nilipiga kelele, kisha nikampiga bega la kulia kwa nguvu zangu zote, naye akayumba kulia. Kioo cha upande wa kushoto kilibaki kwenye lori. Lakini si hilo, Mama. Chini ya lori alikuwa amelala fundi, na miguu yake ilikuwa imetokeza njiani, imevaa kandambili za bluu. Gurudumu la nyuma lilipita kwenye kandambili moja. Mguu alikuwa ameuvuta, sijui aliuvuta kwa kusikia sauti yangu au kwa bahati tu. Alitoka amejaa grisi, akatufuata kwa sauti akiuliza, mzee, huna macho? Mjomba hakugeuka. Alisema siku hizi watu wanatengeneza magari barabarani kama vile uani kwao. Aliongea kwa utani, na mimi nilikuwa nimemkumbatia kiunoni, nikausikia moyo wake kupitia mgongoni. Ulikuwa unakwenda kama wangu.

Nilidhani tutarudi. Alipanda kilima hadi pale pa kutazamia bahari, akasimama mahali penyewe, maana mwinuko ule anaujua hata kwa tumbo. Akashuka, akaweka mikono kiunoni, akaelekea baharini. Akaniambia nitazame gati, nione mwisho wake vibanda viwili vyeupe, ndivyo alivyokuwa akivipaka chokaa na babu walipokuwa wakija huku kikazi. Mama, gati hakuna. Bahari ililibomoa kabla mimi sijaanza shule. Vimebaki vigogo vichache vyeusi majini. Akaniuliza kama naviona vibanda. Nikamjibu, ndiyo mjomba, viwili.

Leo asubuhi alikuja muuguzi wa zahanati ya hapa jirani kushughulikia leseni yake, nikajikaza nikamuuliza, kama habari ya mtu nisiyemjua. Alinieleza kwamba wako wazee ambao jicho hupotea katikati kwanza, pembeni likabaki. Mtu kama huyo atatembea nyumbani bila kugonga kitu, atamimina chai kwa kusikiliza, atakusalimu kwa jina kwa kuijua sauti yako, lakini kitu kilichopo mbele yake kabisa hakioni. Nikakumbuka mjomba anavyokutazama kwa ubavu ukizungumza naye, na sisi wote tukisema ni maringo ya uzee. Nikakumbuka magazeti anayonipa nimsomee, akidai macho ya kijana lazima yapate kazi. Muuguzi akauliza huyo mtu haendeshi chochote, sivyo? Nikamwambia ni karani mstaafu. Akasema basi, aendelee na chai yake. Akatoka, nami nikaingia stoo ya mafaili nikakaa sakafuni.

Sasa nimefika mahali ambapo mkono unakataa. Nimeshaweka kalamu chini mara mbili.

Mama, sikuanza kujua Jumamosi.

Unafahamu kwamba mwenye umri wa mjomba hapewi leseni mpya mpaka apimwe macho hapa ofisini, na mpimaji ni mimi. Anasimama kwenye mstari uliochorwa sakafuni, anaziba jicho moja kwa kiganja, anasoma chati ya herufi iliyo ukutani, halafu jicho la pili. Mimi najaza fomu na kutia sahihi. Unafahamu pia kwamba chumba hiki alikifanyia kazi mjomba miaka thelathini na moja kabla yangu. Chati ile aliipachika yeye kwa mkono wake na haijawahi kubadilishwa. Ameisikia ikisomwa na watu wote wa mji huu. Hata mimi, nina miaka miwili tu hapa, naweza kuisema nikiwa nimefumba macho.

Mwezi uliopita ofisi ilikuwa inapakwa rangi. Fundi mpaka rangi alikuwa juu ya ngazi, na asubuhi ile alikuwa ameiteremsha chati akaiegemeza nyuma ya kabati. Ukutani palibaki msumari na rangi mbichi. Mjomba akaingia amevaa koti lake, akasalimia kila mtu, akanitania kuhusu tai yangu. Kabla sijasema kitu alikwenda moja kwa moja kwenye mstari, akaziba jicho la kushoto, akaanza kusoma.

Alisoma ukuta mtupu. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kukosea, mpaka zile herufi ndogo za chini kabisa. Akabadilisha jicho akazisoma tena. Mpaka rangi aliacha brashi hewani, akaanza kucheka, akasema mzee huyu anaisoma rangi yangu. Na mimi nilicheka, kwa sababu unajua utani wa kaka yako. Nilimngoja ageuke acheke na sisi. Aligeuka upande wangu, si kwangu, akauliza kwa sauti ya chini kama amefika mstari wa mwisho au amesahau mmoja. Hakukuwa na utani ndani ya sauti ile. Alikuwa kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Nilielewa palepale, Mama. Nami nikasema, umemaliza mjomba, umesoma yote. Nikaandika "anaona vizuri, macho yote mawili," nikatia sahihi, nikagonga muhuri. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi hii, aliyenikalisha kiti hiki na kuniambia nisiandike kamwe kitu ambacho sijakishuhudia. Sikuweza kumwambia mbele ya mpaka rangi kwamba hapo anaposoma hakuna kitu. Baadaye nilijiambia pengine alitania kweli. Nikajiambia hivyo kila jioni, nikishika penseli na kuchora kona zako.

Kwa hiyo mtu aliyelala chini ya lori nusura nimuue mimi, kwa kalamu, siku nyingi kabla. Na Jumamosi ijayo ungekuwa umekaa juu ya kiti kile kipana, umeelekea mbele, kwenye kona ya kumi na mbili, na yeye akiiendesha kwa kuikumbuka.

Nimekwisha kuandika maelezo kwa mkuu wangu, ukurasa mmoja, nimesema kila kitu na kuomba leseni ile ifutwe. Nitamkabidhi akirudi kutoka chakula cha mchana. Sijui atanifanya nini. Naogopa, siwezi kukudanganya. Inawezekana nikaja kukaa kwako mapema kuliko ulivyotarajia.

Mjomba sijamwambia. Nitamwambia leo nikitoka kazini, kabla sijavua viatu. Nakuomba usimpigie kabla ya hapo, na ukimpigia usimkaripie. Mkasirikie mwingine, mimi nipo.

Kitu kilichodondoka mapajani mwako ulipofungua bahasha ni ufunguo wa pikipiki. Ni huo mmoja tu, wa pili ulipotea zamani. Nimeutuma kwako kwa kuwa nikikaa nao hapa atauomba, nami nitampa; nimeshathibitisha mimi ni mtu wa namna gani mbele yake. Wewe je, utaweza? Hujawahi kumnyima kitu, wala yeye wewe. Atakwambia ni mara moja tu, mwendo wa polepole, na atakuwa anasema kweli kadiri anavyojua. Mama, nakuomba usimpe.

Asubuhi aliutafuta. Aliniita nimsaidie. Alikuwa akipapasa meza nzima kwa viganja, juu ya ramani, taratibu, kutoka mji wenu hadi rasini na kurudi, nami nikainua mito na kuangalia chini ya viti pamoja naye, huku nimeushika mfukoni.

Wasalimie majirani na wote wanaoniulizia. Ujitunze, na dawa ya magoti usiiache hata ukijisikia nafuu. Nangoja neno lako, hata likiwa kali.

Mimi mwanao,
Karani