Kilichotiririka Kwanza

Tanga, 6 Agosti 1978. Leo natimiza miezi saba tangu niondoke Karatu.

Mjukuu wangu Paskalina,

Mgongo unauma, ila kucheka bado naweza. Nimefurahi kusikia ng'ombe amezaa. Msalimie bibi yako.

Umeuliza jiwe linageukaje chuma. Hapa kiwandani chuma kinamiminika kama uji. Kwetu ujanani haikuwa hivyo. Mhunzi aliahidi kumfulia mama yangu jembe kabla ya mvua, nikimsaidia kuvukuta moto. Tanuru la udongo lilipokolea, kitu chekundu kikatiririka chini. Nikaacha mivukuto, nikakikusanya kwa shangwe.

"Wewe, hayo ni mavi ya chuma!" mhunzi akacheka. "Mama yako atalimia mavi? Vukuta, moto unakufa!"

Nikarudi mbio. Chuma chenyewe kilikuwa bado ndani. Hakikuyeyuka, kililainika polepole, punje zikashikana kama ugali. Jioni tukatoa bonge zima, akalifua, na mama akapata jembe lake mvua haijaanza. Tangu hapo sikimbilii kila kinachowahi kutoka.

Natarajia kurudi mwezi wa kumi, tulime pamoja.

Babu yako