Orodha ya Meno Haivuki Bahari

Mpendwa Bi Nerida,

Nakuomba unifae kwa ushauri kwenye safu yako gazetini na unisamehe kwa barua ndefu, maana haya mambo nayaandika kwa sababu kuyasema siwezi, nikifungua mdomo tatizo lenyewe linajitokeza. Mimi ni mjane wa miaka sitini na kidogo, naishi huku bonde la Huon, kisiwani Tasmania, nimepanga tufaha kwenye maboksi tangu usichana wangu mpaka mgongo uliposema basi, na sasa naishi kwa pensheni. Meno yangu mawili ya mbele, ya juu, hayapo. Yalivunjikia kwenye kipande cha mkate wa kuchoma, siyo ajali ya kumsimulia mtu, kliniki ya meno ya serikali wakanipokea upesi wakang'oa mabaki, wakaniambia meno ya bandia yana orodha yake, nikaandikishwa, na sasa baridi ya tatu inaingia na mimi bado niko kwenye orodha. Daktari wa kulipia alinitajia bei, nikainuka kwenye kiti nimpishe mwenye uwezo. Bima ya taifa unaijua mwenyewe, inakutibu kuanzia unyayo mpaka utosi, ikifika mdomoni inaruka, sijui nani aliwaambia kwamba meno ni mapambo.

Ningevumilia, Bi Nerida, nilishazoea. Tufaha nalikata vipande vyembamba kwa kisu, mimi niliyekuwa naliuma zima nikiwa juu ya ngazi, nikicheka naweka kiganja mdomoni, na maneno yenye herufi S nayakwepa nikiweza kwa sababu yananitoka na mluzi. Lakini mwaka jana akaja Athol.

Athol ni fundi pampu mstaafu, alishaachana na mkewe zamani, tunacheza naye klabuni kila Alhamisi ule mchezo wa kuviringisha mipira kwenye nyasi, na mtu huyu ana mdomo! Mpira wake ukienda kombo anauita kwa sauti, "Wewe, baa haiko huko!" na sisi wote tunaanguka kwa kicheko, mimi na kiganja changu. Siku moja akanisogelea akaniuliza, "Bibie, una kikohozi?" Nikasema kidogo. Alhamisi iliyofuata akaniletea dawa ya kifua, chupa kubwa, na nilipofika nyumbani nikainywa kweli, maana mtu alikuwa amenifikiria na ilikuwa muda mrefu sijafikiriwa.

Wakati wa kiangazi akanialika kwake, alikuwa amechoma mahindi ya bustani yake mwenyewe, ameyapaka siagi, ameyapanga kwenye sahani ya wageni. Mahindi ya kuguguna, Bi Nerida! Nikayatazama nikasema, "Nimeshiba." Akasema, "Umeshiba nini, na umefika saa hizi hizi?" Nikasema nilipata kitu njiani. Akaondoa sahani, na nilimwona akila lake amesimama, amenipa mgongo. Jioni akanisindikiza hadi getini kwangu, akainama kunibusu, nami nikageuza uso, busu likaangukia sikio. Akasema, "Samahani, bibie, nimevuka mpaka." Nikataka kumwambia hapana mpaka wowote, vuka tu, lakini "samahani" na "siyo" na "sikiliza" yote yana S, nikainamisha kichwa nikaingia ndani.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Athol amenunua karavani, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari. Nilimkuta uani kwake anakaza nati za gurudumu, akaniambia bila kuinua kichwa, "Baridi hii naenda kaskazini kwenye joto, Queensland, mpaka Septemba. Kiti cha pembeni hakina mtu."

"Unaniambia mimi?"

"Naziambia nati. Ndiyo, nakwambia wewe, bibie. Tukipapenda tunabaki hukohuko."

Nikashika ukingo wa mlango wa karavani kwa mkono mmoja, mwingine mdomoni, nikamjibu, "Si wazo baya." Akasema, "Haya," akarudi kwenye nati zake. Tangu siku hiyo hajalitaja tena, nadhani ananipa nafasi ya kufikiri, ni mtu wa heshima. Ila wiki iliyopita wifi yangu Raelene, dada wa marehemu mume wangu, alimwona dukani ananunua kiti cha kukunja, kimoja, kile cha kukalia nje mkiegesha ufukweni. Anaondoka mwisho wa mwezi huu.

Na Raelene huyohuyo ndiye aliyenikumbusha kwamba orodha ya meno ya Tasmania haivuki bahari. "Ukihamia jimbo la watu, wifi, unaanza mwisho wa mstari wao," akaniambia, "na mstari wao una watu wengi kuliko bonde letu zima." Sasa nimekuwa nikijiambia, kaa, subiri, meno yakipatikana utamfuata Athol ukiwa mtu kamili, ucheke mbele yake bila kujificha. Sitaki kumpeleka kibogoyo Queensland. Lakini je, yakichelewa baridi nyingine?

Na juu ya hayo yote jino la nyuma nalo limeanza, la kushoto. Nilipiga ile namba ya dharura ya kliniki, akapokea binti mwenye sauti nzuri, akaniuliza, "Mama, unaumwa kiasi gani?" Nikamwambia, "Aa, si mbaya." Akauliza, "Umelala usiku?" Nikasema, "Nimejilazalaza." Akauliza kama nimevimba, nikasema kidogo tu, mtu hawezi kugundua. "Na chakula?" Nikasema supu inapita. Akaniambia, "Basi mama, tutakuweka kwenye foleni ya kawaida, ikizidi utupigie." Nikamshukuru, nikamwomba radhi kwa kumsumbua. Kumbe Raelene amesimama nyuma yangu na taulo la vyombo mkononi. "Wifi! Shavu limekuwa boga, unamwambia si mbaya? Wewe hata ukikatwa mguu utasema si mbaya, umebaki mwingine!" Lakini Bi Nerida, wako watoto kwenye ile orodha, wako wazee wasiokula kabisa, mimi ni nani nianze kulia?

Namtamani huyu mwanaume. Nasema wazi kwa kuwa hunioni. Natamani nicheke mbele yake mpaka machozi yanitoke na mikono yangu yote miwili iko mezani. Natamani anibusu na mimi nisiwe nafikiria pengo. Natamani tukae mahali penye jua tugugune mahindi mpaka siagi ituchirizikie kidevuni, na nilale nikisikia mtu mwingine anapumua ndani ya chumba. Ni vitu vidogo, watu wanavyo na hawajui kwamba wanavyo. Nifanye nini, nibaki nisubiri meno au niende bila meno na kupoteza nafasi yangu? Majina nimeyabadilisha.

Ni mimi,
Mwenye Pengo, Huon

*

Mwenye Pengo mpendwa,

Umebadilisha majina lakini umeacha klabu, Alhamisi, karavani na kile kiti cha kukunja, kwa hiyo nusu ya bonde imeshakujua, na nusu nyingine inauliza. Usijali. Hakuna anayekucheka. Wenye mapengo huku kwetu ni wengi kuliko unavyodhani, ndiyo maana kila picha ya arusi ina watu waliofumba midomo.

Pole kwa meno. Pole kwa hizo baridi mbili na hii inayoingia. Ni aibu ya nchi kwamba mwanamke aliyepanga tufaha ujana wake wote sasa analikata kwa kisu kama mgonjwa, na aibu hiyo siyo yako kuibeba. Hapo nimemaliza kukuhurumia. Sasa kaa chini nikuseme.

Umewahi kujisikiliza? Binti wa kliniki alikuuliza unaumwa kiasi gani, ukamjibu si mbaya. Athol alikuuliza utakuja, ukamjibu si wazo baya. Jibu ni lilelile, mama! Na wote wawili wamefanya lilelile, wamekurudisha mwisho wa foleni kwa heshima zote.

Najua tulivyolelewa. Mimi pia nimezaliwa huku. Paa likiezuliwa na upepo tunasema si mbaya, kuta zimebaki. Na kwa jirani neno hilo linafanya kazi, kwa sababu jirani anakutazama usoni, anaona mwenyewe, anaondoka kimya na kurudi na sufuria ya supu. Lakini binti wa simu haoni shavu. Anasikia neno, analiandika, anamwita anayefuata. Na Athol, ambaye alikuwa palepale, angeona nini? Uso wako ulikuwa nyuma ya kiganja. Mwanaume huyo ana ushahidi ufuatao mikononi mwake: ulikataa mahindi yake, uligeuza uso asikubusu, na alipokualika safari ukamjibu kama mtu anayejibu kuhusu mvua. Hakupi nafasi ya kufikiri. Anaamini umeshamkatalia, na ndiyo maana amenunua kiti kimoja.

Kuhusu wale watoto na wazee wa kwenye orodha: huwasaidii kwa kusema uongo. Foleni ile inapangwa kwa maumivu, na kila mmoja wetu anayesema si mbaya anawafanya wakubwa waamini kwamba shida ni ndogo kuliko ilivyo. Ukisema ukweli humpokonyi mtu. Unasaidia hesabu ya wagonjwa isomeke sawasawa.

Kwa hiyo kesho asubuhi kliniki ikifungua tu, piga simu, na Raelene akae karibu yako na taulo lake. Sema: nimevimba shavu, silali, sitafuni upande wa kushoto, na mbele sina meno. Usiongeze "kidogo." Usiombe radhi. Ukisikia "si mbaya" inapanda ulimini, mpe Raelene simu. Waulize kama wana vocha ya kukupeleka kwa daktari binafsi, maana wakizidiwa wakati mwingine hutoa, na wasioulizia hawapewi. Waambie uko tayari kuja hata kwa kuitwa asubuhi ileile, mtu mwingine akishindwa kufika. Na uvimbe huo ukishuka shingoni, au ukapata homa, au mate yakakataa kumezeka, hapo acha simu, nenda hospitali moja kwa moja, usiku au mchana. Hilo silisemi kwa utani.

Kuhusu bahari: Raelene yuko sahihi na hayuko sahihi. Ukihama jimbo, ndiyo, unaanza upya. Lakini kwenda kuota jua mpaka Septemba siyo kuhama. Nyumba ni ileile, anwani ni ileile. Waulize kliniki wenyewe, waachie namba yako ya simu na ya wifi yako, na simu ikilia huko kaskazini uipokee hata kama mko ndani ya maji. Wakikuita, unapanda ndege, unarudi, unawekewa meno, unamfuata mtu wako. Hayo ya kubaki hukohuko mtayaongea Septemba, na mkiamua kubaki utajiandikisha kwao siku hiyohiyo.

Halafu kuna Athol. Hapa ndipo unapotaka nikuambie usubiri uwe mtu kamili. Sikuambii hivyo. Mtu gani kamili? Mtu ambaye alikuletea dawa ya kifua kwa sababu ulifunika mdomo, unadhani akijua ukweli atakimbia? Umemtamani ukurasa mzima, yeye hajapata hata mstari mmoja. Nenda kwake. Usingoje Alhamisi, klabuni kuna masikio mengi. Mwambie kwa sauti, na S zote zipige mluzi zinavyotaka: sikuwa na kikohozi, sikuwa nimeshiba, sikukukataa, sina meno mawili na nilikuwa naona haya, na safari naitaka. Huenda ukaona aibu ya muda mfupi. Huenda akacheka, na ukicheka naye basi. Kama atageuka kuwa mtu wa kuhesabu meno, utakuwa umeokoa mafuta mengi ya gari.

Na nenda leo, mama, barua hii ikiwa bado mkononi. Kliniki ina jina lako kwenye orodha, na hata ichelewe vipi itakupigia. Athol hana jina lako popote. Aliuliza mara moja, akaelewa hapana, na atawasha gari aondoke zake kimya, akijiona amekuwa muungwana kwako.

Nerida